Rangi ya maji kwenye milango na mbao za ndani: uchukue mng'ao gani, na kwa nini ile ya ukutani haifai

Ukiingia hadiwea yoyote hapa Mwanza, iwe Igoma, Nyakato au mjini kati, ukasema unataka rangi ya mlango wa mbao, mara nyingi utapewa galoni ya rangi ya mafuta ya glosi na chupa ya tapentaini juu yake. Ukisema hapana, mimi nataka ya maji, harufu ya mafuta siiwezi na kuna mtoto mchanga ndani, utaletewa ile ile ya ukutani, silki, na utaambiwa hii bosi inapiga popote. Miezi michache baadaye mlango umeshika uchafu hautoki, ukiufunga unang'ang'ania kwenye fremu, ukiuvuta unasikia umebanduka na kipande cha rangi kimebaki upande wa pili, halafu watu wanasema si unaona, rangi ya maji haifai kwa mbao. Inafaa. Tena kwa mbao za ndani ya nyumba mimi naona ndiyo ya kufikiria kwanza kabla ya ile ya mafuta, ila lazima ujue unachukua rangi ya aina gani na yenye mng'ao gani, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya kila siku.

Tuanze na aina. Rangi yoyote ina unga unaoleta rangi yenyewe, ina gundi inayoshikilia huo unga, na ina kimiminika cha kuifanya ipakike. Kwenye rangi ya mafuta gundi ni alkidi, tapentaini inaruka hewani halafu gundi inaanza kuvuta oksijeni na kukomaa, na kukomaa huko hakuishi haraka, kunaendelea miaka, ndio maana rangi ya mafuta inakuwa ngumu kweli lakini baadaye inakakamaa na kupasuka, na nyeupe yake inageuka njano hasa sehemu zisizopata mwanga, nyuma ya mlango, ndani ya kabati, chumba ambacho pazia halifunguliwi. Chooni ndio inawahi zaidi kwa sababu ile hewa ya amonia inaharakisha huo unjano. Kwenye rangi ya maji gundi ni chembe ndogo ndogo za plastiki, kwa kawaida akriliki, zinaelea ndani ya maji, maji yakitoka zinasogeleana, zinabanana mpaka zinaungana kuwa ngozi moja. Haivuti oksijeni kama alkidi ndio maana nyeupe ya akriliki inabaki nyeupe, na ngozi yake ina unyumbufu kidogo, mbao ikitanuka na kusinyaa rangi inaenda nayo.

Sasa hizo chembe si zote sawa. Rangi ya ukutani inatengenezwa na gundi laini zaidi na ndani yake kuna chaki nyingi ya kujazia, kwa sababu ukuta haugusani na ukuta mwingine na hakuna mtu anaushika kila dakika. Mlango unagusana na fremu, droo inagusana na mwili wa kabati, na gundi laini mbili zikikandamizwa pamoja wiki nzima kwenye joto zinaanza kushikana kabisa kabisa. Rangi ya maji ya mbao inatumia akriliki ngumu zaidi, au akriliki iliyochanganywa na yurethani (plastiki nyingine ngumu), na siku hizi ipo pia alkidi ambayo imewekwa kwenye maji, hiyo inatanda vizuri brashi haiachi mistari na inakomaa ngumu, ila inachukua muda mrefu zaidi kukauka kati ya mkono na mkono (mkono ni mpako mmoja wa rangi) na inaweza kubadilika rangi kidogo kadiri miaka inavyoenda. Kwa hiyo ukiwa dukani usiulize tu kama ni ya maji, geuza kopo usome, kama limeandikwa ni enameli (rangi inayokauka ngumu) ya maji au ya mbao na chuma hapo uko sehemu sahihi, kama limeandikwa kuta na dari tu, rudisha hata kama muuzaji anaapa.

Kuhusu harufu, tofauti ni kubwa. Umoja wa Ulaya tangu 2010 unaruhusu rangi za mbao na chuma za maji ziwe na kemikali za kuruka hewani zisizozidi gramu 130 kwa lita, na zile za mafuta gramu 300 kwa lita, yaani hata kwa wanaopima kwa sheria ile ya mafuta inaruhusiwa zaidi ya mara mbili. Hizo ndizo zinazokuumiza kichwa usiku ukilala kwenye chumba kilichopigwa jana. Kwa nyumba zetu za vyumba viwili vitatu ambazo watu wanaendelea kuishi humo humo wakati fundi anafanya kazi, hii peke yake inatosha kuamua.

Haya, mng'ao. Ukisimama asubuhi pale Capri Point ziwa likiwa limetulia, jua linarudi kutoka kwenye maji kama limepigwa na kioo, linakuumiza macho kutoka sehemu moja, upepo ukianza mawimbi yanavunja ule mwanga unatawanyika kote na maji yanaonekana yamefifia. Rangi iko hivyo hivyo. Ikiwa na gundi nyingi juu inakuwa laini tambarare, mwanga unarudi wote pamoja, hiyo ndiyo glosi. Ukiongeza unga na chaki mpaka vipande vidogo vinachomoza kwenye uso, mwanga unatawanyika, hiyo ndiyo mati. Katikati hapo ndipo kuna egisheli, satini na semi glosi. Wanapima kwa mashine inayopiga mwanga kwa pembe ya nyuzi 60, na kwa kipimo cha Master Painters Institute, taasisi inayoweka viwango vya rangi, mati haizidi alama 5, satini iko kati ya 20 na 35, semi glosi 35 hadi 70, glosi 70 kwenda juu. Shida ni kwamba viwanda havifungwi na majina hayo, satini ya kiwanda hiki unaweza ukakuta inang'aa kuliko semi glosi ya kiwanda kile, kwa hiyo jina lililo kwenye kopo lichukue kama mwelekeo tu, mwombe muuzaji akuonyeshe kadi yenye rangi yenyewe au paka kidogo kwenye kipande cha ubao ukiangalie kimekauka.

Kutokana na hayo ndio unaelewa kwa nini mati inachafuka haraka: uso wake una vishimo, uchafu unaingia mle, ukisugua kwa kitambaa unaulainisha pale uliposugua tu na panabaki doa linalong'aa, mlango mzima mati na katikati pana duara linameta. Na unaelewa kwa nini glosi inafutika kirahisi lakini inaonyesha kila kosa, kila puti ambayo haikusawazishwa, kila msumari, kila mstari wa randa. Fundi seremala akiwa kafanya kazi yake haraka haraka glosi itamsema mbele ya wageni.

Lakini hapa nisisitize kitu ambacho kinawapotosha wengi. Mng'ao si ugumu. Watu wanaamini kinachometa ndicho kinachodumu. Ni kweli ndani ya aina moja ya rangi, ya kiwanda kimoja, ile yenye gundi nyingi inahimili kufutwa zaidi. Ila satini nzuri ya akriliki ngumu itaishi kuliko glosi ya bei rahisi yenye gundi laini, haina ubishi. Kwanza chagua gundi, halafu ndio mng'ao.

Mimi ukiniuliza kwa mlango wa ndani na fremu yake, semi glosi au satini, basi. Angalia mlango wowote wa sebuleni uliokaa miaka miwili, usiangalie katikati, angalia pale kwenye kitasa, upana wa kiganja juu na chini yake, na ule ukingo ambao watu wanausukuma kwa vidole. Pale ndipo rangi inakufa. Siyo kucha tu na pete, ni mafuta. Tunapaka losheni, tunapaka vaselini, tunatoka kula sato wa kukaanga mikono haijaoshwa vizuri, na mafuta ya ngozi na losheni yanaingia kwenye akriliki yanailainisha taratibu mpaka ukigusa unahisi inanata, halafu vumbi linakaa pale moja kwa moja. Rangi yenye mng'ao wa kati na gundi ngumu inapunguza sana hilo, na kitu kingine kinachosaidia ni kufuta hiyo sehemu kwa sabuni ya maji isiyo kali mara kwa mara kabla mafuta hayajazama, pamoja na kuongeza mkono mmoja wa rangi eneo hilo tu wakati wa kupiga, ukiusambaza vizuri usionekane.

Makabati ya jikoni semi glosi bila kufikiria sana, moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta ya kukaangia unatua kote, unahitaji uso unaofutika. Fremu za madirisha ya mbao vile vile, hasa nyumba za kuelekea ziwani ambazo mvua ya upepo inapiga mpaka ndani. Kabati la nguo chumbani satini inatosha na inapendeza zaidi. Dari ya mbao, mati au egisheli, hakuna anayeigusa na ukiweka glosi juu taa ikiwaka utaona kila kiungo cha ubao.

Rangi nzito nzito, kahawia iliyoiva, nyeusi, bluu ya usiku, hizo zina jambo lake. Zinachanganywa dukani kwa kuongezewa rangi ya tubu nyingi (ile rangi kali ya kuchanganyia) kwenye kopo la msingi, na hiyo ya tubu inachelewesha kukomaa na kuacha ngozi laini kwa muda mrefu. Mlango wa kahawia nzito wa rangi ya maji upe siku nyingi zaidi kabla ya kuufunga, na ukitaka nyeusi au kahawia tafuta iliyotengenezwa kiwandani hivyo hivyo badala ya kuchanganyiwa.

Sasa mbao yenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia. Mninga na mvule zina maji yake ya asili ya rangi ndani, ukipaka rangi ya maji nyeupe moja kwa moja, maji ya rangi yanayayeyusha yale yanapanda juu, unapata madoa ya njano kahawia yanayotokea kesho yake, unapaka tena yanatokea tena, unapaka mara ya tatu bado yapo. Mikono ya rangi haizuii hicho kitu. Kinachozuia ni praima, yaani rangi ya chini inayotangulia, ya kuziba madoa, na ya kuaminika zaidi ni ya shelaki (inayoyeyushwa kwa spiriti) au ya mafuta, mkono mmoja au miwili, ikikauka juu yake unapiga rangi yako ya maji bila shida. Na kusema ukweli kama una mlango wa mninga mzuri sioni kwa nini uufunike, piga vanishi ya maji ya satini uache mbao ijionyeshe, bei uliyolipia mninga ni ya huo uzuri. Paina za Mufindi zinazojaa kwenye mayadi yetu shida yake ni vifundo, ndani ya kifundo kuna utomvu, joto likija unatoka, kila kifundo kigonge shelaki mara mbili kabla ya praima. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ina uso mzuri kabisa lakini kingo zake ulipokatwa ubao zinafyonza maji zinavimba, zisawazishe na msasa kisha zizibe kwa puti laini au praima ya mafuta kabla hazijaonja maji. Na vichwa vya misumari, hiki kidogo wengi wanakisahau: rangi ya maji ikigusa chuma kitupu inakitia kutu wakati ule ule inakauka, unapata kinukta cha kahawia kwenye mlango mweupe. Gonga msumari uzame, utie tone la praima ya chuma, ndio uzibe.

Halafu mbao mpya ikipata maji nyuzi zake zinasimama, ukipitisha kiganja baada ya mkono wa kwanza wa rangi utahisi imekwaruza kama haijapigwa msasa kabisa. Ni kawaida, msilaumu rangi. Kwanza msasa namba 120 kisha 180 kabla ya kuanza, piga praima, ikikauka pitisha 220 taratibu kwa kufuata nyuzi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ndio upige mikono miwili ya rangi. Anayeruka hiyo 220 hata anunue rangi ya bei gani kazi itaonekana chafu. Na kabla ya yote hayo mbao iwe kavu, mbao iliyochanwa juzi ikapigwa rangi leo itatoa mapovu na viungo vitafunguka.

Kama mlango ulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani usipake maji juu yake hivi hivi, itashika wiki mbili tatu kisha unaichuna kwa ukucha kama ganda. Hujui ya zamani ni ipi? Chukua pamba, iloweshe spiriti, sugua sehemu ya kificho, pamba ikitoka na rangi ile ya zamani ni ya maji, ikitoka safi ni ya mafuta. Ya mafuta unaiosha kwa sabuni kutoa mafuta ya mikono na moshi, unaisugua msasa mpaka mng'ao wote ufe, halafu praima ya kushikisha. Nyumba ikiwa ya zamani sugua kwa msasa wa maji ukiwa umelowesha, wala si mkavu, watoto wakae mbali, kwa sababu rangi za zamani na hasa za kung'aa za manjano na nyekundu zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Kiwango ambacho shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linashauri nchi ziweke kwenye sheria ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika milioni, kwa hiyo hata ukinunua mpya uliza kama haina risasi.

Hali ya hewa yetu inataka akili kidogo. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti upepo wa ziwani na jua vinakausha rangi ya maji kabla brashi haijamaliza ubao mmoja, una dakika chache tu za kuisawazisha, ukirudi nyuma kugusa sehemu iliyoanza kukauka unaivuta inabaki na makovu. Funga dirisha la upande wa upepo, usipige mlango ulioegeshwa juani, maliza ubao mmoja kwa kwenda mbele na usirudi. Masika ya Machi mpaka Mei ni kinyume chake, unyevu unakaa juu na ile iliyoandikwa masaa mawili inaweza kutaka nusu siku. Na vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu, vinafuata taa, fundi anayepiga glosi jioni taa ikiwa imewaka na dirisha wazi atakuta mlango umejaa vinukta vyeusi vyenye mabawa. Hapo rangi ya maji ina faida kubwa, ukipiga saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana juu pameshakauka kiasi kwamba kidudu hakinati, ya mafuta ingekuwa bado imelowa mpaka usiku.

Mafundi wengi wanaipenda ya mafuta kwa sababu wameizoea inavyotembea kwenye brashi, na brashi ya manyoya ya mnyama ukiiingiza kwenye rangi ya maji inanywa maji inalegea. Mnunulie fundi brashi ya nailoni au poliesta na rola ndogo ya sponji ya inchi nne, mlango bapa anapitisha rola kisha analaza kwa ncha ya brashi bila kukandamiza. Na maji ya kuongeza yasizidi kile kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10, ukizidisha chembe zinakuwa mbali mbali hazikutani vizuri, rangi inafunika vibaya na inakuwa dhaifu. Hili kaa nalo macho maana ndipo fundi anapojaribu kuifanya rangi kidogo itoshe kazi kubwa. Hesabu yake si ngumu: mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 pande zote mbili ni mita za mraba 3.2, ukiongeza kingo na fremu fikiria 4 hadi 5, lita moja inafunika kama mita 10 hadi 14 kwa mkono mmoja kwenye uso laini, kwa hiyo kwa mikono miwili lita moja ni mlango mmoja na kidogo. Milango mitano, galoni moja ya lita nne, ukiongeza kopo la lita moja unakuwa na usalama.

Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Juu panakauka ndani ya saa moja, unapiga mkono wa pili baada ya masaa mawili hadi manne, lakini ngozi inafika ugumu wake kamili baada ya wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo mlango uache wazi umewekewa kabari, usiku ukilazimika kufunga pangusa poda kidogo pale mlango unapokutana na fremu ili visishikane. Usipige deki ikamwagikia fremu, usiuoshe kwa sabuni ya unga, usibandike kalenda kwa gundi. Vitasa vifungwe ukiwa umeshakauka siku kadhaa, vikiwahi bamba lake linazama kwenye rangi na ukija kulitoa linaondoka nayo.

Brashi zioshwe kwenye ndoo na siyo bombani wala ziwani, na ile ndoo msiimwage mtaroni, mitaro yetu mingi inaingia Mto Mirongo na Mirongo inaingia ziwani, na hizo chembe za plastiki ni zile zile zilizoshika mlangoni. Iache ndoo itulie mpaka kesho yake, maji ya juu yamwage polepole kwenye shimo la choo, tope lililobaki litandaze kwenye gazeti likauke juani kisha litupe na taka nyingine.